Biskuti za Mwendo wa Matanga

Enzi zetu biskuti haikuwa chakula cha mtoto. Ilikuwa chakula cha mgeni. Kazi ya mtoto ilikuwa kuibeba kwenye sahani, kuiweka mbele ya mtu mzima, kisha kurudi nyuma hatua tatu bila kumeza mate kwa sauti. Wale mliokulia Nakuru wakati mmoja nami mnajua ninachosema. Mgeni akisema, "Wacha mtoto naye achukue moja," hukuangalia biskuti. Uliangalia uso wa mama yako. Uso ukilegea, ulichukua. Jicho likikazwa, ulisema, "Asante, nimeshiba," hata kama tangu asubuhi ulikuwa umekunywa chai ya rangi pekee. Huo ndio uongo ulioruhusiwa katika nyumba za Wakristo, na tuliusema vizuri sana.

Kwetu tulikuwa wanne. Mimi Wambui ndiye niliyetangulia, kwa hiyo majirani wote wa ploti walimwita mama yangu Mama Wambui, na wakati wa kuchapwa vilevile nilitangulia. Nyuma yangu alikuja Njoroge, kisha Nyokabi, na mwisho kabisa Kimani, ambaye baba alifariki kabla hajajifunza kutambaa. Tuliishi Kaptembwa, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua. Upande wa kitanda tuliuita sebule kukiwa na wageni. Wageni wakienda, ulirudi kuwa kitanda.

Mama alikuwa mpishi kwa bibi mmoja mzee wa Kizungu huko Milimani, na ndiko alikojifunza biskuti za mdalasini. Alipofika nyumbani na ujuzi huo, alikuta hana ovena, hana siagi, na hana mizani. Hakuona kama hilo ni jambo la kumzuia mtu. Siagi ikawa majarini. Mizani ikawa kikombe cha bati kilichokatika mkono. Mdalasini aliununua kwa Mama Zuhura, mwenye duka nyuma ya soko, ambaye watu wake walitoka pwani zamani na ambaye aliufunga kwenye kipande cha gazeti kwa uangalifu kama dawa ya moyo. Kazi yangu ilikuwa kuvunjavunja vile vijiti kwa chupa ya soda hadi viwe unga. Nilienda shule vidole vikinukia vizuri, na nilijivunia jambo hilo kuliko alama zangu za jiografia.

Ovena yetu ilikuwa sufuria ya githeri, ile ya kuchemshia mahindi na maharagwe. Unatandaza mchanga chini, kimo cha vidole vitatu, unaweka mawe matatu, na juu ya mawe unalaza kifuniko cha mkebe kilichopangwa biskuti zilizoviringishwa kwenye sukari na mdalasini. Unafunika sufuria, kisha unarundika makaa juu ya kifuniko chake ili joto litoke juu na chini. Kilichobaki ni saa, nasi saa hatukuwa nayo. Mama alipima kwa wimbo. Kulikuwa na wimbo mmoja wa kanisani wenye beti nne na kiitikio. Ukiuimba mara mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, biskuti zimeiva. Njoroge, ambaye njaa yake haikuwa na subira, alikuwa na tabia ya kuruka ubeti wa tatu.

"Rudi nyuma," mama alimwambia bila kugeuka. "Ukimwibia Mungu ubeti, utakula unga mbichi."

Siku hizi mpwa wangu hawezi kuchemsha yai bila kuuliza simu. Simu inamwambia dakika saba, na yai likipasuka analaumu mtandao. Sisi tulikuwa na mtu mmoja tu wa kulaumu, na alikuwa amesimama nyuma yetu na mwiko.

Nilikuwa kidato cha pili mama alipougua kifua. Kilianza kama homa ya baridi ya Julai, ile ambayo kila mtu Nakuru huwa nayo, na kufikia Oktoba tulikuwa tumemzika. Sitaeleza zaidi. Aliyefiwa anajua, na ambaye hajafiwa asiwe na haraka.

Kwetu mtu akizikwa, chakula cha matanga kikiisha, ndugu hukaa. Hukaa kujadili kilichobaki, na kwa mama kilichobaki ni sisi. Kikao kilipangwa Jumamosi, siku ya nane. Waliokuwa waje ni watatu: Baba mkubwa wa kijiji cha Bahati, kaka yake baba; Mjomba wa Molo, kaka yake mama; na Anti wa Kamere, dada yake mama, aliyekuwa akifunga maua kwenye shamba moja kando ya ziwa Naivasha. Anti alikuja siku moja mapema, na kwa wema wake akaniambia uamuzi kabla ya kikao, ili nisishtuke.

"Mmegawanywa vizuri," alisema, akinishika bega. "Njoroge ataenda Molo, mjomba yako ana kondoo. Nyokabi nitaenda naye, anishikie mtoto nikiwa kazini. Kimani atakua Bahati na wenzake. Na wewe kuna familia Nairobi inatafuta msichana wa kazi. Watu wazuri. Wako na televisheni."

Walitugawana jinsi watu wanavyochagua viazi sokoni: kila mmoja alichukua saizi inayotosha sufuria yake. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nikaamua jambo ambalo mtoto wa miaka kumi na sita tu ndiye anaweza kuliamini. Niliamua kwamba wakubwa wakikuta nyumba imefagiwa, watoto wana adabu, na biskuti za mama ziko mezani kama vile mama mwenyewe angezipanga, wataona kwamba nyumba hii bado ina mwenyewe. Wataona aibu kuivunja.

Vitu havikuwa shida. Matanga huacha unga na sukari kwenye nyumba ambayo haijawahi kuwa navyo kwa wingi huo. Mama Zuhura alinipa mdalasini, akakunja gazeti mara mbili zaidi ya kawaida, akasema, "Pole, mwanangu," na akakataa kunitazama. Asubuhi ya Jumamosi niliwapanga wadogo zangu kitandani na kuwapa mafunzo.

"Mkiambiwa mchukue, mtaangalia mimi kwanza. Nikikaza jicho hivi, mnasema nimeshiba."

"Na kama sijashiba?" aliuliza Kimani. Alikuwa na miaka mitano.

"Utashiba baadaye."

"Baadaye saa ngapi?"

Njoroge alimpiga kikumbo, na mafunzo yakaishia hapo.

Niliwasha makaa, nikatandaza mchanga, nikapanga biskuti. Kisha tukaimba. Sasa, mjue kwamba kwa wiki nzima watu wa kanisa walikuwa wakija kila jioni kuimba nasi, na wimbo ule ndio mama alioupenda, kwa hiyo ndio ulioimbwa. Uliimbwa jinsi nyimbo zinavyoimbwa kwenye matanga: kila neno likivutwa kama mtu anayepanda mlima na gunia, kila mstari ukisubiri mama fulani amalize kulia ndipo uendelee. Tulikuwa tumeuimba hivyo jioni saba. Hatukujua tena kwamba una mwendo mwingine. Tukauimba hivyo juu ya sufuria, sisi wanne, beti zote nne na kiitikio, mara mbili, kwa uaminifu. Njoroge hakuruka hata ubeti mmoja. Angeruka, hadithi hii ingekuwa nyingine.

Nilipofunua, biskuti zilikuwa na rangi ya vigae. Niliiacha moja ianguke kwenye sahani, ikalia.

"Labda ni makaa," alisema Njoroge.

Tukakubaliana kwamba ni makaa. Hapakuwa na muda wa kurudia, kwa kuwa wageni walikuwa tayari wanasalimiana na majirani pale bombani.

Walikaa kwenye sebule, yaani kitandani, isipokuwa Baba mkubwa aliyepewa kiti. Mjomba wa Molo aliomba, na katika maombi yale akamshukuru Mungu kwa kuwapa jamaa moyo wa kusaidiana, akitaja kondoo. Nilimimina chai kwenye vikombe, nikazungusha sahani, nikarudi nyuma hatua tatu. Mjomba aliuma biskuti. Hakikutokea kitu. Akaihamisha kwenye meno ya pembeni, akajaribu tena huku akitazama ukuta kama mtu anayesikiliza habari. Kisha akaiweka kwenye kisahani, polepole.

"Biskuti ni imara," alisema.

"Ichovye kwa chai," Anti alimshauri kwa sauti ya chini. Yeye alikuwa amechovya yake muda mrefu na bado ilikuwa haijakubali. Baba mkubwa, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka zamani, aliitia yake kwenye mfuko wa koti na kusema atampelekea mama mkubwa, mkewe.

Wakaanza kikao. Walikuwa wamefika kwa Njoroge, kwamba atahitaji gambuti kwa sababu ya matope ya Molo, wakati Baba mkubwa alipotazama sahani iliyobaki imejaa, akaona ni vibaya, akasema, "Hawa watoto nao wachukue."

Nilikaza jicho. Nililikaza kama mama, hata zaidi ya mama. Kimani aliniangalia. Ninataka mjue kwamba aliniangalia vizuri, asije mtu akasema hakuniona. Kisha akanyoosha mkono, akachukua biskuti, na chumba kizima kikasikia meno ya mtoto yakifanya kazi ambayo wakubwa watatu walikuwa wameshindwa. Nyokabi akachukua. Njoroge, mkubwa mzima wa miaka kumi na mmoja, mwenye mafunzo yangu yote kichwani, akachukua mbili. Hawakuwa wamekula vizuri tangu mazishi, jambo ambalo mimi, kwa shughuli zangu za kuwa mama, sikuwa nimeliona. Wakala kama watoto waliotoka kifungoni. Sahani ikaisha. Kimani akageukia kisahani cha mjomba.

"Anko, hii umemaliza?"

Nilitamani mchanga wa sufuria unifunike. Mjomba alisogeza kisahani, akimtazama Kimani jinsi mkulima anavyomtazama nzige wa kwanza. Kisha akaniuliza mimi, "Hawa hula hivi kila siku?"

Nilikuwa tayari kuapa kwamba hapana, kwamba ni bahati mbaya, kwamba kwetu tuna adabu. Njoroge alinitangulia, mdomo umejaa.

"Hii ni kidogo, Anko. Tunakulanga jioni."

Pakawa kimya. Kimya kile nimekifikiria miaka mingi. Sikukielewa wakati ule, kwa sababu nilikuwa nikitazama sakafu, lakini ndani yake watu watatu walikuwa wakipiga hesabu za ugali. Wa kwanza kusema alikuwa Mjomba. Alikumbuka kwamba Molo ni baridi sana kwa mtoto ambaye mama yake amekufa kwa kifua. Anti akakumbuka kwamba mwenye nyumba wa Kamere hapendi watu wengi kwa chumba. Baba mkubwa alikuna kidevu, akasema kwamba akitazama vizuri, Kimani bado mdogo mno kutolewa kwa dada yake.

"Wakae kwanza hapa na dada yao," akamaliza. "Tutaangalia mambo Disemba."

Waliondoka kabla ya chai ya pili. Na mimi, mwenye akili zangu, nilifunga mlango na kumchapa Kimani makofi mawili kwa kukosa adabu mbele za wageni. Ndivyo nilivyomshukuru mtu aliyetuokoa.

Disemba ilikuja, na hakuna aliyekuja kuangalia mambo. Jumapili ya Krismasi kanisani waliuimba wimbo ule kwa ngoma na makofi, na nilishtuka kuona ubeti wa pili umeisha kabla sijajipanga. Nikasimama pale na kuelewa, mara moja, ni nini kiliziunguza biskuti. Nililia na kucheka, na mama aliyekuwa karibu nami akanipa kitambaa akidhani ni Roho.

Shule sikurudi. Kurasa zilizobaki za daftari langu la hesabu Nyokabi alizimaliza. Nilianza kupika mandazi ya kuuza, nikaendelea kupika mandazi, na katikati ya mandazi hayo Njoroge akawa fundi wa visima vya mvuke wa kuzalisha umeme kule Naivasha, Nyokabi akawa mwalimu, na Kimani akawa mtu wa kompyuta, kazi ambayo amenieleza mara nyingi na bado naitikia kwa heshima. Ile "kwanza" ya Baba mkubwa imedumu miaka ishirini na sita. Yeye mwenyewe alishatangulia mbele za haki akiwa bado hajaiangalia.

Mwezi uliopita tulikutana kwa Nyokabi, mtaa wa Section 58, kumuaga Kimani anayeenda Kanada. Nyokabi ana ovena yenye kioo na taa ndani, kana kwamba biskuti zinasoma. Ina kengele. Ina vitufe ambavyo hata yeye havigusi. Kimani aliomba jambo moja tu, biskuti za mdalasini, kwa hiyo mimi nikaviringisha, Njoroge akatwanga mdalasini kwa chupa akikataa ule wa unga wa dukani, na watoto wao wakasimama mlangoni kutupiga picha. Mmoja aliniuliza, "Anti, hizi ziko na sukari ngapi?" Nikamwambia zina sukari ya kutosha kuonekana kwenye picha. Mwingine alisema yeye amefunga kula ngano. Enzi zetu tulifunga pia, ila hatukuwa tumeamua.

Nyokabi alibonyeza dakika kumi. Sijui nani alianza, nadhani ni Njoroge. Alianza wimbo chinichini, Kimani akaingia, nasi wengine hatukuwa na la kufanya. Tuliuimba mwendo wetu, mwendo wa gunia na mlima. Kengele ililia tukiwa ubeti wa tatu wa mara ya kwanza. Hakuna aliyeinuka. Nyokabi alinyoosha mkono na kuinyamazisha kama mtoto anayesumbua ibada, tukaendelea hadi mwisho, mara mbili, bila kuruka.

"Mathe, zinaungua," alisema mtoto wake.

"Nyamaza," Nyokabi alimwambia. "Bado kiitikio."

Mjomba wa Molo alikuwepo. Ni mzee sasa, kinywa kitupu, fimbo mkononi, na alisafiri kutoka Molo kuja kumbariki kijana. Alipopewa nafasi ya kusema, aliwaambia watoto wetu wote wasikilize.

"Mama yao alipokufa, watu walitaka kuwatawanya hawa. Mimi nilikataa. Niliwaambia, huyu Wambui ana msimamo, muachieni hawa watoto. Leo mnaona."

Watoto walipiga makofi. Sisi wanne hatukutazamana, kwa sababu tungetazamana tungeharibu sherehe. Nilimwekea mzee biskuti mbili kwenye kisahani. Aliigusa moja kwa kidole, akaigonga kidogo, akaiacha. Basi Kimani, mwanamume wa miaka thelathini na moja, mwenye tikiti ya ndege na kitambi kinachoanza, akainama kando yake.

"Anko, hii umemaliza?"

Njoroge alitoka nje kabisa. Nyokabi alijificha nyuma ya friji. Mjomba alicheka kuliko sisi sote, hadi akafuta macho, na hadi leo sijui kama anakumbuka au alicheka tu kwa kuwa watu wanacheka.

Sahani ilibaki na biskuti. Hilo ndilo jambo nililolitazama nikiosha vyombo: sahani ya biskuti, nyumba imejaa watoto, na hakuna mkono unaonyemelea. Wameshiba, na nashukuru, kwa maana nilipika mandazi ili washibe. Lakini njaa ile ndiyo iliyotushika pamoja. Watu watatu walikuja na mipango yao na hawakuweza kututenga, kisha shibe ikaja bila kikao, ikampeleka mmoja Naivasha, mmoja ikampa nyumba yenye milango mingi, na sasa wa mwisho inampeleka ng'ambo, na mimi mwenyewe nilimsindikiza kwenda kuchukua pasipoti. Zamani tulikuwa wanne kitanda kimoja na tukilalamika miguu ya Kimani. Sasa tunaonana kwenye simu, na mtandao wa kwangu ukikatika, naona paji la uso wa Kimani tu.

Kimani alimimina biskuti zilizobaki kwenye mkebe, akaufunga kwa mkanda wa gundi, akauweka sandukuni katikati ya nguo. Gari lilikuwa linangoja langoni.

"Naenda kwanza miaka miwili tu, Siz," alisema.

Nilikaza jicho. Nililikaza kama mama, hata zaidi ya mama. Aliniangalia vizuri, asije mtu akasema hakuniona, kisha akanyoosha mkono na kuchukua sanduku.